Hesabu ya Alfajiri

Saa kumi alfajiri Asenath huwa ameshafunga leso kiunoni na kunywa chai yake ya rangi akiwa amesimama. Huteremka ngazi za orofa sita akaenda zake soko la Gikomba kuuza sweta za watoto. Bintiye, Mideva, hubaki nyuma. Hupanga foleni ya maji pale chini, akapandisha mitungi miwili, akapiga pasi blauzi, kisha akatoka na raba miguuni na viatu vya ofisini ndani ya mkoba. Viatu hivyo alikuwa akivivaa anapokaribia kazini. Hakutaka tope la mtaa wao, Pipeline, limseme mbele za watu.

Kazini kwenyewe kulikuwa ni kwenye kampuni moja ya ushauri, orofa ya saba ya jengo la vioo. Watu wa kampuni hiyo hulipwa kuchunguza jambo na kumshauri mteja afanye nini. Mideva alikuwa na umri wa miaka ishirini, na alikuwa akisomea takwimu. Chuo chake kilikuwa kimempeleka huko kuwa mwanagenzi kwa wiki kumi, ajifunze kazi kwa kuifanya. Mwisho wa wiki hizo msimamizi wake, Bi. Waruguru, angejaza fomu ya tathmini na kuitia sahihi. Bila sahihi hiyo, Mideva angerudia mwaka mzima. Na Asenath alikuwa ameshawaambia majirani wote, kuanzia orofa ya kwanza hadi ya sita, kwamba mtoto wake anahitimu mwaka huu.

Mideva alikuwa mwerevu, tena mwenye shingo ngumu, lakini mimi sitampamba kwa sababu tu hadithi ni yake. Siku ya kwanza alidanganya. Mwanagenzi mwenzake, Tiffany, alimuuliza, "Sasa, wewe unatoka mtaa gani?" Naye akajibu bila kupepesa macho, akataja mtaa wa wenye nafasi zao, "South B." Ulikuwa uongo mdogo, na ungekufa hapo hapo kama si ule mkutano wa wiki ya tatu.

Katika mkutano huo Bi. Waruguru alieleza kazi mpya. Kule Gikomba kulikuwa na kichochoro kinachounganisha barabara na vibanda vya mitumba. Wenye maghala ya hapo walitaka mikokoteni ipigwe marufuku kichochoroni, pageuzwe maegesho ya magari. Kabla ya kufanya hivyo, walitaka kujua ni mikokoteni mingapi hupita hapo kwa siku.

"Kuna yeyote hapa anayeijua Gikomba vizuri?" aliuliza Bi. Waruguru.

Mideva alikulia Gikomba. Alijifunza kutembea kwa kushikilia marobota, yale mafurushi makubwa ya nguo yaliyobanwa kwa kamba, na kichochoro hicho ndicho kilichopitisha marobota ya mama yake kila siku. Ilikuwa kazi ya kuinua mkono tu. Lakini Tiffany alikuwa ameketi kando yake, na ile South B ikamziba mdomo. Akatazama meza. Hapo ndipo alipokosea, na alijua palepale kwamba anakosea.

"Basi tutajifunza huko huko," akasema Bi. Waruguru. "Mideva na Tiffany, mtahesabu kwa siku tatu. Mtaanza saa tatu, ofisi ikifunguliwa, hadi saa kumi jioni."

Wakaenda. Mideva alinunua kofia pana ya kitambaa, akaishusha hadi kwenye nyusi, akachagua mahali mbali na kibanda cha mama yake. Kila mkokoteni ulipopita walichora kijistari. Siku ya kwanza walipata mikokoteni sitini na mmoja. Siku ya pili, hamsini na minane. Ya tatu, hamsini na mitano.

Siku hiyo ya tatu, Tiffany alipokwenda kununua maji, mkokoteni mtupu ulisimama mbele ya Mideva. Aliyeuvuta alikuwa Mzee Opicho, ambaye amekuwa akimletea Asenath marobota tangu Mideva akiwa darasa la kwanza. Ubavuni mwa mkokoteni wake palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu: USINIHARAKISHE. Opicho aliinama akachungulia chini ya ile kofia.

"Kumbe ni wewe, mtoto wa Asenath. Unahesabu nini hapa?"

"Mikokoteni, Mzee. Ni kazi ya chuo. Tafadhali usimwambie Mama."

"Mikokoteni saa tano? Sisi tumemaliza kazi kitambo. Mimi hapa ninakwenda kulala." Akamtazama kwa huruma kidogo, akaushika mkokoteni wake na kwenda zake.

Wala Mideva hakuhitaji kuambiwa. Marobota hufunguliwa alfajiri, ili wachuuzi wanaokuja mapema wachague nguo bora na kukimbilia masoko yao. Ikifika saa tatu, kichochoro huachiwa wapita njia. Kuhesabu mikokoteni ya Gikomba mchana ni kama kuhesabu waumini kanisani siku ya Jumanne. Mideva alilijua hilo tangu kijistari cha kwanza, na bado aliendelea kuchora.

Jumatatu iliyofuata, Asenath alirudi nyumbani amenuna. Aliketi kwenye stuli na kuanza kukata sukuma wiki kana kwamba imemkosea.

"Wenye maghala wanasema watatufungia kichochoro," alisema. "Eti walikuja wasomi, wasichana wawili, mmoja na kofia kama mwavuli. Wakakaa mchana kutwa wanahesabu hewa. Sasa robota langu litazungushwa kule mtoni. Likinifikia, wachuuzi wameshaondoka. Hizo sweta nitamuuzia nani?"

Mideva angeweza kunyamaza tena. Alikuwa amezoea.

"Mama, yule wa kofia ni mimi."

Kisu kikatulia.

"Nimekaa pale siku tatu, Mama. Nilivaa kofia ili usinione."

Asenath hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Mideva kuliko kelele. Aliweka kisu chini. "Ili mimi nisikuone," akauliza, "au ili wenzako wasinione mimi?"

Mideva alilia kwa aibu, na aibu ilipopungua ikaja hasira. Alijikasirikia mwenyewe kwanza, kisha akaikasirikia ile karatasi yenye vijistari. Kabla ya kulala alikuwa ameshakata kauli.

Kesho yake, Jumanne, Bi. Waruguru alimwekea ripoti mezani. Ilisema kwamba mikokoteni inayopita ni hamsini na minane kwa siku, na kwamba kichochoro kinaweza kufungwa bila kumsumbua mtu. Mwishoni palikuwa na maneno haya: Nimehesabu mikokoteni ipitayo hapa kwa siku nzima. Tiffany alikuwa ameshatia sahihi yake.

"Tia yako hapo," Bi. Waruguru alisema. "Inakwenda kwa mteja Ijumaa."

"Siwezi kutia, madamu."

"Kalamu haina wino?"

"Wino upo. Karatasi ndiyo yenye uongo. Hii si siku nzima. Gikomba hufanya kazi alfajiri, na sisi tulifika wavutaji mikokoteni wakielekea kulala."

Watu wa meza za jirani waligeuka kutazama. Bi. Waruguru hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye ripoti tano za kumaliza, na hakupenda kusimamishwa njiani.

"Wewe umeyajuaje hayo?"

"Mama yangu anauza sweta pale. Mimi sitoki South B, ninatoka Pipeline, na nimekulia Gikomba. Ulipouliza ni nani anayeijua, nilinyamaza, na hilo ni kosa langu. Lakini hili la sahihi sitalifanya."

Tiffany alimgeukia akiwa ameachama. Bi. Waruguru alivua miwani.

"Kumbe mama yako ana kibanda pale. Basi una kila sababu ya kutaka kichochoro kibaki wazi. Neno lako nitaliwekaje kwenye ripoti? Mteja atanicheka."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma Mideva kwa sababu lilikuwa kweli.

"Usiweke neno langu, madamu. Weka hesabu. Nitahesabu upya, alfajiri."

"Mimi sijakutuma. Na kama kufikia Ijumaa hujatia sahihi hapa, mimi pia sitatia kwenye fomu yako ya chuo. Ufikirie mwaka wako."

"Nimeufikiria usiku kucha," Mideva alisema. "Usitie basi. Na mimi sitii."

Alimtazama Bi. Waruguru usoni mpaka yule mama akachukua karatasi zake na kuondoka.

Jumatano Mideva alitoka nyumbani pamoja na mama yake. Saa kumi na moja alikuwa ameshaketi chini ya taa ya kibanda cha chai, bila kofia. Mikokoteni ikaanza kumiminika, marobota yamepandana, wanaume wamelowa jasho na baridi yote ile. Alichora vijistari hadi vidole vikamuuma. Ilipofika saa kumi na mbili alikuwa ameshapita mia tatu, na moyo ulimcheza kwa furaha. Bi. Waruguru angesema nini sasa?

Ndipo ukapita mkokoteni wa USINIHARAKISHE, umebeba robota lenye kiraka cha buluu. Baada ya dakika chache USINIHARAKISHE ukapita tena, na robota lile lile la kiraka cha buluu, na Mzee Opicho akitazama mbele kama mtu asiyemjua Mideva hata kwa jina. Ulipokuja mara ya tatu, Mideva aliinuka akasimama katikati ya njia.

"Mzee Opicho, hilo robota unalipeleka wapi?"

"Huko mbele."

"Limekwenda huko mbele mara ngapi leo?"

Wavutaji waliokuwa nyuma yake wakaanza kucheka chini kwa chini, na mambo yakawa wazi. Mideva alikuwa amemweleza mama yake, na habari za hesabu zilikuwa zimeenea kwa simu tangu jana usiku. Wanaume wale walikuwa wamekubaliana wazunguke nyuma ya maghala na kurudi, wengine mara mbili, wengine mara nne, ili idadi ipande na kichochoro kipone. Walidhani wanamsaidia mtoto wao.

Asenath alikuja akipangusa mikono. "Wametia chumvi kidogo tu, mwanangu. Wale wa ofisini walipunguza, na sisi tumeongeza. Si tumekuwa sawa?"

"Hatujawa sawa, Mama. Hesabu iliyopunguzwa ni uongo, na iliyoongezwa ni uongo. Nimemkatalia msimamizi wangu mbele ya ofisi nzima. Sasa nikidanganya kwa ajili yenu, nilimkatalia nini?" Akaishika ile karatasi ya vijistari mia tatu na zaidi, akaichana katikati mbele yao wote.

"Unachana mkate wetu," alisema Opicho, na safari hii hakuwa akitania.

"Nitarudi kesho. Atakayezunguka nitamwandika kwa jina lake."

Hakuna aliyemsemesha tena asubuhi hiyo. Mama yake alirudi kibandani bila kumuaga. Mideva aliokota vipande viwili vya karatasi, akavikunja na kuvitia mkobani. Ofisini walimwona mtoto wa soko, na sokoni walimwona mtu wa ofisi. Aliumia sana, tena aliogopa, lakini hakubadili nia. Kama ni kurudia mwaka, angeurudia akiwa ameinua kichwa.

Jioni simu yake ililia. Ulikuwa ujumbe wa Tiffany: "Niaje. Ile sahihi yangu inanipa aibu. Kesho nikuje saa ngapi?"

"Saa kumi na moja asubuhi," Mideva alijibu. "Usivae viatu vyeupe."

Alhamisi Tiffany aliketi mwanzo wa kichochoro, na Mideva akaketi mwisho wake. Walipatana wasisemezane wala kuonyeshana karatasi hadi wamalize. Safari hii hawakuchora vijistari tu. Kwa kila mkokoteni waliandika maneno yaliyokuwa ubavuni na mzigo uliobebwa. USINIHARAKISHE ulipita, na Mzee Opicho akainua kidole kimoja hewani bila kusimama, kuonyesha kwamba atapita mara moja tu. Hakurudi tena.

Saa mbili waliketi kwenye kibanda cha chai wakalinganisha. Mideva alikuwa na mikokoteni mia mbili arobaini na sita. Tiffany alikuwa na mia mbili arobaini na mitano.

"Mmoja ulinipita nikipiga chafya," Tiffany alisema. Kisha akakoroga chai yake. "Kwani ulidhani ningekucheka nikijua unatoka huku?"

"Ndiyo," Mideva akajibu. "Nilidhani hivyo. Nilikosea."

Ijumaa asubuhi, Mideva aliweka karatasi tatu mezani kwa Bi. Waruguru. Mbili zilikuwa nzima, na ya tatu ilikuwa imeunganishwa kwa selotepu. Bi. Waruguru alizisoma zile mbili, akazilinganisha mstari kwa mstari. Kisha akaigusa ya tatu.

"Na hii iliyochanika?"

Mideva alimweleza yote: Opicho, kiraka cha buluu, na chumvi ya mama yake. Hakuficha kitu.

"Hii ndiyo yenye idadi kubwa," alisema Bi. Waruguru polepole. "Mtu anayetaka kumwokoa mama yake angeniletea hii na kutupa hizo nyingine."

"Ndiyo, madamu. Nimeileta ujue kwamba nilikataa pande zote mbili. Na sahihi yangu bado sitii kwenye ile ripoti."

Bi. Waruguru akachukua simu, akampigia mteja na kumwambia ripoti itachelewa. "Jumatatu nitahesabu mwenyewe," alimwambia Mideva. "Na kama umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, tutajuana."

Jumatatu alifika saa kumi na moja kasorobo, na koti refu. Hakuwa hata ameketi vizuri mkokoteni ulipokaribia kumkumba, mvutaji wake akamwambia asogee kama hana kazi. Alisogea. Alihesabu mwenyewe, kwa mkono wake, hadi saa mbili. Alipata mikokoteni mia mbili hamsini na mmoja. Akabaki akiitazama karatasi yake na kutikisa kichwa.

Asenath alikuwa amesimama kando ya kibanda cha chai akisita, leso kiunoni, nyuzi za sweta zimemganda mikononi. Mideva akamshika mkono, akamvuta hadi mbele, akasema kwa sauti ambayo kibanda kizima kiliisikia, "Bi. Waruguru, huyu ni mama yangu." Asenath akaagiza chai ya watu wote watatu.

Ripoti ikaandikwa upya. Ilishauri kichochoro kiachiwe mikokoteni hadi saa tatu asubuhi, na magari yaegeshwe baada ya hapo. Wenye maghala walinung'unika kidogo, kisha wakakubali, maana nao mizigo yao ilibebwa na mikokoteni hiyo hiyo. Kwenye ukurasa wa kwanza Bi. Waruguru aliandika: Hesabu yetu ya awali ilikosea, kwa kuwa tulifuata saa za ofisi yetu badala ya saa za soko. Chini ya ripoti hiyo Mideva alitia sahihi yake, na Tiffany yake.

Siku ya mwisho ya wiki ya kumi, Bi. Waruguru alimwita na kumpa fomu ya tathmini. Ilikuwa imetiwa sahihi. Mideva alikuwa amefaulu, tena vizuri. Lakini penye neno Mawasiliano palikuwa na alama saba kwa kumi.

"Nimekukata tatu," alisema Bi. Waruguru. "Unajua ni za nini?"

"Za siku ile ya mkutano."

"Ndizo. Ulipokataa kutia sahihi kwenye uongo nilikasirika, lakini nilikuheshimu, na leo ninakwambia. Ila ungeinua mkono nilipouliza, tusingekuwa na ripoti ya uongo hata kidogo. Sikiliza, msichana wangu. Mahali unapotoka pamekufundisha jambo ambalo sote humu ndani hatukulijua. Ukipaonea haya, unatunyima sote. Sema ukweli mapema, kabla haujawa mzito. Na uwaambie hata wale unaowapenda, kama ulivyofanya kule sokoni, maana hapo ndipo pagumu zaidi."

Mideva alikunja fomu yake vizuri. Shingo ile ile ngumu ikamsimama. "Na wewe, madamu, ni nani atakayekukata alama?"

Bi. Waruguru alicheka hadi akavua miwani. "Mteja ameshanikata. Nenda nyumbani."

Siku hiyo Mideva alitembea kutoka ofisini hadi Pipeline na viatu vile vile vya ofisini, akalikanyaga tope bila kulikwepa. Asenath aliisoma fomu mara mbili, akiwa amesimama karibu na dirisha. Alipofika penye saba kwa kumi akasita.

"Tatu peke yake? Mimi kwa ile kofia ningekukata kumi. Iko wapi?"

Mideva aliitoa chini ya kitanda akampa. Kesho yake Asenath aliitundika mbele ya kibanda chake, juu ya sweta, mahali ambapo kila apitaye angeiona. Ilinunuliwa kabla ya saa tatu.